Kikapu Nilichokichoma

Mwanangu, ipo siku moja ambayo sijaizoea hadi leo. Naikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu, na kila inaponijia hunishtua upya, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto akidhani ni jiwe. Nimezeeka, Mungu ameniwekea miaka mingi ambayo sikuistahili, nami namshukuru. Lakini shukrani haifuti kumbukumbu. Ndiyo maana nakusimulia.

Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi na minane. Nilikuwa najifunza ukatekista, yaani ualimu wa dini, katika misheni moja ya huku Ufipa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kijijini kwetu, upande wa Kate. Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala Tanganyika. Nilijua kusoma, nilijua sala za Kilatini kwa moyo, na nilikuwa na koti la kaki alilonipa Padre. Kijana mwenye vitu vitatu hivyo, katika kijiji cha watu wasiojua kusoma, huanza kudhani kwamba Mungu humwomba ushauri.

Baba yangu, Mzee Kauzeni, alikuwa myeyushaji chuma, kama baba yake na babu yake. Ukipita kwenye miteremko ya uwanda wetu utayaona hata sasa matanuru yao ya udongo, marefu kuliko mtu, yamesimama katika nyasi kama vichuguu vilivyotobolewa. Wafipa huliita moja ilungu. Lilijazwa makaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, likawashwa, na upepo wetu wa baridi ukaingia wenyewe kwa matundu ya chini ukalipuliza siku kadhaa, mchana na usiku. Kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo la mivukuto, kikaenda kwa mhunzi, kikawa jembe. Kwa jembe hilo watu walilima matuta yetu ya mviringo, yale ya kufukia majani yaoze chini, na ulezi ukakubali.

Lakini nilipokuwa nakua, majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalikuwa yamejaa maduka ya Sumbawanga, na bei yake ilikuwa rahisi. Nani angekaa porini majuma mawili akipika mawe? Ilungu la baba likazimika, nyasi zikaota mdomoni mwake. Baba akawa mkulima kama watu wengine. Kitu kimoja tu hakukiacha: kikapu cha tanuru. Kilikuwa kikapu cha kufumwa chenye kifuniko, kimening'inizwa juu ya moto nyumbani kwetu, kimekuwa cheusi kwa moshi. Kila bingwa wa ilungu alikuwa nacho. Hakuna aliyekigusa. Hata mama alipofagia chini yake aliinama zaidi ya kawaida.

Sasa sikia. Mama alikuwa amebatizwa, nami nilibatizwa mtoto mchanga. Baba yeye alikuwa mwaka wa sita katika mafundisho ya ubatizo. Walioanza nyuma yake walibatizwa wakamwacha pale pale. Wenzangu wa shuleni walinitania, "Anselmi, baba yako anangoja abatizwe pamoja na wajukuu?" Walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni niliungua. Nilijua, au nilidhani najua, kinachomzuia. Ni kikapu.

Likizo moja nilirudi nyumbani siku chache baada ya Padre kutuhubiria juu ya watu wanaoshika sanamu kwa mkono mmoja na msalaba kwa mkono mwingine. Mahubiri yale niliyapokea kama barua yenye jina langu juu. Jumatatu asubuhi baba alikwenda shambani, mama alikwenda kijitoni. Nikakitungua kikapu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotazamia. Nikakibeba hadi kwenye ilungu la zamani, nikakusanya nyasi kavu, nikakifungua.

Ndani mlikuwa na pembe ndogo iliyozibwa kwa nta. Vingine vyote vilikuwa vifurushi vya magome ya mti, vidogo kama ngumi ya mtoto, kila kimoja kimefungwa kwa kamba yenye mafundo. Nilivunja kimoja, nikakuta jiwe na kijiti. Nikasema moyoni, huu ndio upumbavu wenyewe, watu wazima wanasujudu mawe! Nikatia moto. Magome yalishika haraka, kamba zikajikunja, pembe ikatoa harufu mbaya. Mawe hayakuungua, nikayaokota yakingali na joto nikayatupa huku na huku vichakani, nikiimba.

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa akipanda mteremko, karibu akimbie, na mwanangu, alikuwa akitabasamu. Alikuwa ameuona moshi kutoka shambani. Alidhani kuna mtu amewasha ilungu.

"Nani amewasha?" aliuliza akihema.

"Mimi, baba."

"Umewasha na nini?"

Nilionyesha kwa kidole. Alitazama majivu. Tabasamu lake halikutoka mara moja. Lilikaa usoni kwa muda kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji wamekwisha hama. Kisha aliinama, akagusa kipande cha kamba, kikasagika.

"Sawa, Anselmi," alisema. "Basi mwambie Padre, Jumapili sitakuja."

Hakunipiga. Hakunilaani. Aligeuka akarudi kulima. Na Jumapili hakuja, wala iliyofuata, wala mwaka uliofuata.

Nilirudi misheni kichwa juu, nikitazamia sifa. Padre alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu, alisema Kifipa kama mtu aliyezaliwa na bibi wa Kifipa. Nilimkuta anaziba pancha ya baiskeli yake. Nilipomsimulia aliweka chini chombo alichoshika.

"Ulichoma vyote?"

"Vyote, Padre. Hakikubaki kitu."

Akakaa chini. Namaanisha chini hasa, mavumbini, na kanzu yake nyeupe. Sikuwa nimewahi kumwona padre amekaa mavumbini.

"Anselmi," alisema, "ilikuwa imebaki pembe moja."

Ndipo akanieleza, na kila neno lilinipiga kama mvua ya mawe. Miaka sita yeye na baba walikuwa wakikipunguza kikapu kile pamoja. Kila mwaka baba alitoa humo kitu kimoja ambacho hakikupatana na ubatizo, akakileta mwenyewe, kwa miguu yake, akakiweka mezani kwa Padre. Mwaka wa kwanza hirizi. Mwaka wa pili unga wa kuagulia. Hivyo hivyo, bila kusukumwa, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kuahidi leo na kesho akajuta. Ilibaki pembe ya babu yake, na alikuwa amesema ataileta baada ya mavuno.

"Vile vingine vilikuwa mali yake halali," alisema Padre. "Mimi mwenyewe nilimwambia avitunze. Wewe umeiba ubatizo wa baba yako, ukauchoma, ukaja unacheka."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, husema wazee. Nami naongeza, heri kujikwaa ulimi kuliko kujikwaa kwa bidii ya dini, kwa kuwa mwenye bidii haoni hata jiwe lililomwangusha. Niliungama. Padre alinipa malipizi ya kubeba matofali ya shule mpya mwezi mzima, kisha akaniambia, "Sasa nenda kwa baba yako ukatengeneze." Nilibeba matofali hadi mabega yakachubuka. Kisha nikaenda kwa baba. Nikampelekea chumvi. Nikampelekea blanketi. Nikamlimia matuta likizo nzima. Alipokea kila kitu kwa mikono miwili na kusema ahsante. Nikaona nimemaliza.

Miaka ikapita. Nikawa katekista kamili, nikarudi kufundisha kijijini. Baba alikuwa akiketi nje ya ua ninapofundisha wengine, mgongo ukinielekea, akichonga mipini. Hakuingia.

Kisha vita ikaja. Vita ile ya pili ya Wazungu, mwanangu, ilianza mbali sana, nasi tuliisikia kama ngurumo ya mvua inayonyesha bonde jingine. Tulidhani haituhusu. Asubuhi moja, makatekista tukiwa tumekusanyika misheni, lori lilisimama mbele ya kanisa. Aliteremka Bwana Shauri, yaani ofisa wa Kiingereza wa wilaya, pamoja na askari wawili. Alikuwa amevua kofia, naye hakuwa na furaha na kazi ile. Padre wetu alikuwa amezaliwa Ujerumani, na Ujerumani ilikuwa sasa adui wa Mwingereza. Amri ilikuwa imetoka kwamba akusanywe pamoja na wenzake wapelekwe kufungiwa mbali.

Sisi hatukuwa tumewahi kufikiri kwamba Padre ana kabila. Kwetu alikuwa Padre, basi. Mwanamke mmoja alishika ubao wa lori akapiga kelele, "Padre wetu amekosa nini?"

Askari mmoja, Mwafrika kama sisi, akamjibu kwa upole, "Kosa lake kuzaliwa, mama. Kazaliwa upande usiofaa."

Padre alikuwa na mfuko mmoja mdogo na kitabu chake cha sala. Alitubariki wote. Kisha akanivuta karibu akasema, "Wanafunzi wote wa ubatizo nawaachia ninyi makatekista. Baba yako nakuachia wewe peke yako." Lori likaondoka, vumbi likafunika barabara. Hatukumwona tena duniani.

Nilisimama pale mdomo wazi. Mtu aliyetufundisha kusoma alichukuliwa kama mwizi wa ng'ombe, na jua liliendelea kuwaka vile vile. Misheni ikabaki na padre mmoja mzee wa taifa jingine, ambaye alihudumia misheni tatu kwa zamu na kwetu alifika mara moja katika miezi kadhaa.

Baada ya Padre, yakaondoka majembe. Nilitumwa na wanakijiji kwenda Sumbawanga kuyanunua, maana yale tuliyokuwa nayo yalikuwa yamelika hadi yakawa kama vijiko. Niliingia katika duka la Mzee Hamadi, Mwislamu mmoja aliyetuuzia vitu tangu enzi za babu yangu, mtu wa utani mwingi.

"Shikamoo, Mzee Hamadi."

"Marahaba, mwalimu wa Wakristo. Umekuja kunibatiza?"

"Nimekuja kununua majembe."

Alicheka hadi akashika meza. "Majembe! Mwanangu, chuma chote cha Ulaya kimekwenda kupigana. Meli ikija inaleta risasi, si majembe. Jembe la mwisho nimelitia mpini nalima mwenyewe, mimi mwana wa dukani, tazama malengelenge haya!" Akanionyesha viganja. Kisha akanikazia macho. "Lakini ninyi Wafipa nawashangaa. Si ninyi mliokuwa mkipika mawe yakawa majembe? Mmesahau kupika?"

Nilirudi mikono mitupu na swali lile. Mvua zilikuwa zinakaribia. Serikali nayo ilikuwa imetangaza kwamba kila kijiji kilime zaidi, kwa kuwa askari wanataka kula. Tulime kwa nini, kwa kucha?

Wazee wakakutana, wakaenda kwa baba na chungu cha pombe ya ulezi, kama ilivyo desturi ya kumwomba bingwa. Nilikuwepo. Macho ya baba wakati huo yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, aliona vivuli tu. Mzee Kalolo, aliyekuwa msemaji wao, alipiga makofi ya heshima akasema, "Kauzeni, utuwashie ilungu. Vijana wa kukata makaa tunao. Wewe tuambie tu tuchimbe wapi."

Baba aliugusa mdomo wa chungu kwa vidole. Kisha akasema, "Muulizeni Anselmi."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Baba, mimi sijui lolote la chuma."

"Najua hujui," alisema, bila ukali wowote. "Lakini aliyejua ulimchoma."

Hapo ndipo, baba alipotueleza, nilipojua nilichoteketeza. Si mawe yote mekundu ni chuma, mwanangu. Mengine ni ya uongo; unayapika siku tatu yanakupa mavi ya chuma matupu. Babu wa baba, na baba yake, na yeye mwenyewe, kila walipopata shimo lililotoa chuma kizuri, walichukua jiwe moja la shimo lile. Wakaweka pamoja nalo kijiti cha mti uliofaa kwa makaa ya jiwe lile. Wakafunga kwa gome, na kwenye kamba wakapiga mafundo: mafundo ya upande huu ni hesabu ya vikapu vya makaa, ya upande ule ni vikapu vya mawe. Kifurushi kimoja, shimo moja. Vizazi vitatu vilikuwa vimening'inia juu ya moto wa mama yangu. Hata macho yake yangekuja kufifia, baba hakuwa na hofu, kwa sababu vidole vyake vingeweza kuhesabu mafundo.

Mzee Kalolo alinitazama muda mrefu. "Kumbe msomi wetu," alisema, "alichoma kitabu."

Mwanangu, fikiri! Mimi niliyefundisha watoto kunawa mikono kabla ya kushika kitabu! Nilikuwa nimechoma kitabu cha watu wasioandika, kwa sababu tu hakikuwa na kurasa. Watu wa kijiji wangeweza kulala njaa, wanawake na vichanga, kwa kiberiti changu.

Baba akasema, "Tutajaribu." Kesho yake nilimshika mkono, tukaanza kuzunguka vilima. Tulizunguka siku nyingi. Aliniambia, "Niambie mto uko wapi. Sasa nigeuze uso kwa upepo." Nilimpa mawe, aliyapima kiganjani, akayalamba, akayatema. Niliandika katika daftari langu la mafundisho kila alichosema. Tukachimba mahali alipodhani ndipo. Vijana wakakata miti, wakakaa kambini mbali na wake zao kama desturi ilivyotaka. Ilungu likawashwa. Siku ya nne likafunguliwa, na kilichotoka kilikuwa kama ugali ulioungua, chepesi, kinavunjika kwa mguu.

"Haya, katekista," kijana mmoja aliniambia, akifuta masizi, "kibariki basi, labda kitageuka jembe."

Hakuna aliyecheka. Nilikwenda kwenye vichaka nilikotupa yale mawe miaka ile, nikapiga magoti, nikaanza kupekua nyasi kwa mikono. Siku mbili nilipekua. Nilipata mawe manne. Moja baba aliposhika, uso wake ulibadilika. Akalilamba mara mbili. "Hili ni la kilima cha bibi yangu," alisema. "Chini ya maporomoko. Makaa yake ni ya mti mgumu, na yawe mengi kuliko unavyodhani." Mafundo hayakuwepo tena kumwambia mengi ni kiasi gani, alikisia. Alikaa mbele ya ilungu mwenyewe muda wote likiwaka, akisikiliza moto kwa sikio, mvua za kwanza zikimnyeshea, akikataa kuondoka.

Chuma kilitoka. Si kingi kama cha zamani, lakini kilitoka, na wahunzi wakakigonga, na nyumba zote zikapata jembe moja moja. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya ilungu nikalia.

Lakini baridi ile na moshi ule vilimkamata baba kifuani. Kichomi. Katika siku tano alikuwa ngozi na mifupa, anapumua kama mvukuto uliotoboka. Padre mzee alikuwa misheni ya mbali. Hata mjumbe angekimbia, asingefika kwa wakati. Kanisa limetufundisha kwamba penye hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Nikaenda kitandani kwake mchana mmoja, nikasema, "Baba, ulijifunza miaka sita. Unaamini. Niruhusu nikubatize."

"Wewe, hapana," alisema.

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba.

"Baba, Padre hayupo. Hatujui kama yu hai."

"Basi nitakwenda bila."

Nilitoka nje. Mama alikuwa uani anasaga ulezi juu ya jiwe. Hakuinua kichwa.

"Umemwomba?" aliuliza.

"Nimemwomba abatizwe, amekataa."

"Sikukuuliza ubatizo." Aliendelea kusaga. "Nakuuliza, ulikwisha mwomba msamaha?"

Nilifungua mdomo kujibu ndiyo, na sikupata hata siku moja ya kuitaja. Nilitafuta miaka yote, mwaka kwa mwaka. Hakuna. Nilikuwa nimemwambia Padre. Nilikuwa nimemwambia Mungu, kwa machozi. Baba, mwenye kikapu chake, sikumwambia neno.

"Ulileta chumvi," alisema mama. "Ulileta blanketi. Ulilima, ukachimba, ukapekua nyasi kama kuku. Mdomo wako uliuweka wapi, mwanangu?"

Mshtuko wa siku ile ulipita wa kikapu, ukapita wa lori. Nilikuwa nimewafundisha mamia ya watu kwamba mtu apatane kwanza na ndugu yake ndipo asogee altareni. Kila Jumapili mimi nilisogea.

Nikaingia. Nikapiga magoti sakafuni, nikapiga makofi taratibu kama Wafipa tunavyofanya mbele ya mkubwa, nikasema, "Baba, nilichukua kitu chako bila kukuuliza, nikakichoma. Nilikuaibisha. Nilikufungia mlango wa kanisa kwa mkono wangu, kisha nikaona aibu kukuambia. Nisamehe."

Aligeuza uso upande wangu.

"Mama yako amekutuma?"

Ningeweza kusema uongo. "Ndiyo, baba."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamwinua nikamshika mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Anajua kungoja, mwanamke yule." Kisha akasema, "Nimekusamehe. Nilikusamehe zamani, lakini nilikuwa nimebaki na msamaha huo mkononi, hakuna wa kumpa. Msamaha usioombwa ni mzigo, Anselmi. Sasa lete maji."

Niliruka kama mtoto. Nikiwa mlangoni akaniita tena.

"Yapashe moto kidogo. Nataka kuwa Mkristo, sitaki kufa kwa baridi."

Nilimwuliza anataka jina gani. Akasema Yosefu, kwa kuwa alisikia alikuwa mtu wa kazi ya mikono asiye na maneno mengi. Mama alishika bakuli. Nilimimina kwa haraka hata maji mengine yakamwingia sikioni, naye akafinya jicho moja lakini hakusema kitu. Aliishi siku tatu zaidi, akiwa Yosefu. Alifariki asubuhi, watu wakiwa mashambani, na sauti ya majembe ikisikika kutoka kila upande wa kijiji.

Sasa sikia nasaha yangu, mwanangu, maana ndiyo niliyokuitia. Usiharibu cha mkubwa wako kwa sababu hukielewi. Ujinga wako si ushahidi juu yake. Moto hauzai moto, huzaa majivu, na bidii isiyo na upole ndiyo moto huo. Tena usidhani mambo makubwa ya dunia yanapita mbali nawe. Vita ile ilikuwa ya wafalme na mataifa, lakini ilifika hadi jikoni kwetu, ikamchukua Padre, ikachukua majembe, ikaninyang'anya wote niliojificha nyuma yao, nikabaki uso kwa uso na baba yangu.

Na hili ndilo zito kuliko yote. Ukimkosea mtu, nenda kwa Mungu, ndiyo, lakini usimtumie Mungu kama njia ya kumzunguka mtu yule. Usitume chumvi ikasemee mdomo wako. Wala usitume matofali. Nenda mwenyewe, piga magoti, litaje kosa kwa jina lake, omba. Fanya hivyo angali mzima, angali anatembea, jua likiwa juu. Mimi nilibakiwa na siku tatu, na ilikuwa huruma tupu ya Mungu; wako wengi waliobakiwa na kaburi.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe magoti mepesi na shingo isiyokakamaa. Wazee wako wakutazame kwa furaha, watoto wako wasikuogope. Mvua ikukute umelima, njaa ipite mlangoni kwako bila kubisha, na siku yako ya mwisho usiwe na jina la mtu yeyote moyoni ambalo hukulitamka kwa amani. Amina.